Maswali ya wasomaji: Muvi za thrila zinarudisha hela ukumbini au nyumbani?

Tangu tuongelee thrila, yaani muvi za kukuweka roho juu, toleo lililopita maswali yamekuja mengi kuliko nafasi, kwa hiyo safari hii kona yote ni ya hela za thrila, yaani za mlangoni na za kwenye kanda, DVD na mtandaoni.

Swali: Kaka habari za kazi. Kila nikisoma habari za muvi naona wameandika imeingiza dola milioni kadhaa halafu hapohapo wanasema imekula hasara. Inakuwaje muvi itengenezwe kwa milioni 60, iingize milioni 100, halafu iwe hasara? Mi naona kama wanatuchanganya tu. — Msomaji, Morogoro

Jibu: Nzuri ndugu yangu. Hapo hawajakuchanganya, ila wanakupa namba moja wanaficha mbili. Ile milioni 100 ni hela ya tiketi zote zilizokatwa mlangoni, na mwenye ukumbi anachukua chake humohumo. Kwa Marekani wanagawana kama nusu kwa nusu, ukitoka nje ya Marekani studio mara nyingi inapata chini ya nusu, na China ni kama robo tu. Halafu ile bajeti wanayotangaza ni ya kupiga picha na kumalizia kazi, hela ya matangazo haimo, na matangazo ya Hollywood yanaweza kula hela karibu sawa na muvi yenyewe.

Mwigizaji Matt Damon, huyohuyo wa muvi za Jason Bourne, alilielezea hili vizuri sana kwenye mahojiano mwaka 2021. Alisema chukua muvi ya milioni 25, weka na nyingine 25 za matangazo unakuwa na 50, sasa kwa kuwa unagawana na wenye kumbi, lazima mlangoni iingie milioni 100 ndo uanze kuonja faida. Ukishika hesabu hiyo kila kitu kinanyooka. Mfano wako unafanana kabisa na Fight Club ya 1999, iligharimu kama milioni 63, duniani kote ikapata kama milioni 100, na Marekani kwenyewe haikufika hata 40. Ukumbini ilikuwa kilio. Lakini DVD na kanda zake ziliuzwa zaidi ya milioni 6 ndani ya miaka kumi, na leo ukiuliza vijana wataje muvi za mwaka ule hawaiachi. Kwa hiyo ukiona neno hasara uliza kwanza ni hasara ya lini, ya wiki ya kwanza ukumbini au ya miaka kumi.

Swali: Shikamoo kaka. Stelingi wangu wa maisha yote ni Jason Bourne. Juzi nimesoma kwamba muvi yake ya kwanza ilipigwa bao na Scooby-Doo!! Sasa kama ilipigwa bao na mbwa wa katuni iliwezaje kufika sehemu ya tatu? — Mwanafunzi, Mbeya

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Hapa nitakaa kidogo maana kwangu hii ndo thrila inayoonyesha mambo yote.

The Bourne Identity ilipangwa itoke Septemba 2001, ikasogezwa, baadhi ya vipande vikarudiwa kupigwa, na unajua muvi ikishaanza kusogezwa tarehe watu wanaanza kunong'ona kwamba imeharibika. Ikatoka tarehe 14 Juni 2002, siku moja na Scooby-Doo, na wikendi ile Scooby-Doo ikakusanya kama milioni 54, Bourne milioni 27, yaani nusu yake. Kweli ilipigwa bao. Lakini haikudondoka haraka, watu walikuwa wanatoka wanaambiana, ikamaliza na milioni 121 Marekani na kama 214 duniani, kwa bajeti ya milioni 60. Sio hasara, ila ukikumbuka hesabu ya hapo juu utaona faida ya ukumbini haikuwa ya kurusha kofia.

Sasa Januari 2003 ikaingia madukani kwa DVD na kanda za VHS. Mtu wa Ohio huko au wapi sijui katoka kazini Ijumaa, kachoka, anapita duka la kukodi, ile mpya anayoitaka imeisha yote, anaona boksi lina Matt Damon kashika bastola, anaangalia nyuma anasoma mistari miwili, mwanaume kaokotwa baharini ana risasi mgongoni hajui jina lake, anasema haya tuone, analipa dola zake chache anaenda nazo nyumbani. Mke anaangalia, shemeji aliyekuja kusalimia anaangalia. Jumatatu kazini anawaambia wengine. Mwaka huo wa 2003 Bourne ikawa miongoni mwa muvi zilizokodiwa kupita zote Marekani.

Matokeo yakaonekana Julai 2004. The Bourne Supremacy wikendi ya kwanza ikaingiza milioni 52, karibu mara mbili ya ile ya kwanza, na mwisho wa safari kama 290 duniani. Agosti 2007 The Bourne Ultimatum ikafungua na milioni 69 na kumaliza kama 444. Zamani kawaida ya sehemu ya pili ilikuwa kushuka, ya tatu inashuka zaidi, hapa kila moja imepanda kwenye mgongo wa iliyotangulia. Wale watu wa ziada walitoka wapi? Kwa sehemu kubwa ni wale waliokutana na Bourne sebuleni kwao, safari hii wakaamua hawasubiri kanda.

John Wick naye ni hivyohivyo. Oktoba 2014 alifungua na milioni 14, nafasi ya pili nyuma ya Ouija, jumla duniani kama 86. Watu wakamkuta nyumbani, sehemu ya pili mwaka 2017 ikapita milioni 170, ya tatu 2019 ikapita 320, ya nne 2023 kama 440. Ndo maana mi sikubaliani kabisa na wanaoandika Jumatatu asubuhi kwamba thrila fulani imekufa kisa wikendi moja. Muvi ya shujaa anayejulikana na kila mtoto inauza jina siku ya kwanza, thrila yenye stelingi mgeni inauza maneno ya aliyeiona, na maneno yanachukua muda kufika.

Swali: Thrila ukishajua muuaji ni nani si basi? Nani analipa mara ya pili? — Dada wa Kigamboni

Jibu: Dada yangu, inategemea mwisho umewekwaje. Nyingi ni kweli ukishajua basi. Ila kuna zile ambazo mwisho unakulazimisha urudi mwanzo ukakague kama walikudanganya au ulishindwa kuona mwenyewe. The Sixth Sense ilitoka Agosti 1999, bajeti milioni 40, wikendi ya kwanza kama 27, ikakaa namba moja wiki tano mfululizo na Marekani ikamaliza na milioni 293. Yaani jumla ni karibu mara kumi na moja ya wikendi ya kwanza, wakati muvi kubwa nyingi zikipata mara tatu zinashukuru. Watu walirudi, na safari hii wakaja na wenzao wakakaa wanawaangalia sura. Ilipotoka kwenye kanda na DVD mwaka 2000 ikaongoza kwa kukodiwa, maana nyumbani una rimoti, unasimamisha, unarudisha nyuma, unakagua kila meza aliyokaa yule daktari, stelingi wa muvi, kama kuna mtu aliyemjibu.

Swali: Kijana wangu, sisi wa enzi za deki tulikuwa tunagombania thrila kwenye maktaba za kanda. Ilikuwa ukichelewa Jumamosi umebaki na za kucheza ngumi. Siku hizi naona Hollywood ni watu wanaoruka na majoho tu. Zile za mtu na akili yake zimeenda wapi? — Mzee wa Tanga

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Umegusa penyewe, na jibu lake lote liko kwenye hiyo kanda uliyokuwa unaigombania.

Studio mwanzoni zilikuwa zinaiogopa video. Universal na Disney waliishtaki Sony kwa ajili ya deki zake za Betamax, kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani na mwaka 1984 Sony wakashinda kwa majaji 5 dhidi ya 4. Baada ya hapo studio zikagundua ile waliyotaka kuiua ndo inawalisha. Kanda mpya ya muvi ya watu wazima duka la kukodi lilikuwa linauziwa kwa dola kama 80, nyingine zinakaribia 100, mtu wa kawaida hawezi kununua bei hiyo, kwa hiyo duka linanunua chache na wateja wanazungushana. Ndo maana kule nako walikuwa wanagombania kama nyie mzee. Katuni za watoto ziliuzwa bei rahisi kwa sababu mtoto ataangalia kila siku mpaka kanda ichoke, mzazi anaona bora anunue. Thrila ilikuwa ya kukodi, unachukua Jumamosi unarudisha Jumapili. Mwishoni mwa miaka ya 90 Blockbuster, wenye maduka mengi ya kukodisha kanda, wakakubaliana na studio wapewe kanda kwa dola chache tu halafu wagawane hela ya kila anayekodi, ndo ukaanza kuona rafu nzima muvi moja.

Angalia The Silence of the Lambs. Ilitoka Februari 1991, ilitengenezwa kwa milioni 19, ikaingiza milioni 130 Marekani na zaidi ya 270 duniani. Machi 1992 inachukua Oscar tano kubwa ilikuwa tayari iko kwenye kanda, watu walishaiona majumbani kwao. Kinachoniuma kwenye habari hiyo ni kwamba Orion, studio iliyoitoa, ilikuwa imeshaomba kinga ya kufilisika tangu Desemba 1991, madeni ya muvi nyingine yaliwazidi.

Nyingine ni Fatal Attraction ya 1987, milioni 14 zikazaa kama 320 duniani. Mwisho wake ulibadilishwa baada ya watazamaji wa majaribio kuukataa, ukapigwa upya, halafu mwaka 1992 wakatoa kanda yenye ule mwisho wa kwanza uliokataliwa, na watu wakaitafuta tena. Ukumbini huwezi kufanya hivyo kirahisi.

DVD zilipoingia Marekani mwaka 1997 bei ikashuka, kila mtu akaanza kununua, na katikati ya miaka ya 2000 Wamarekani walikuwa wanatumia zaidi ya dola bilioni 16 kwa mwaka kununua DVD peke yake. Hapo bosi wa studio akiletewa thrila ya milioni 40 haogopi, anajua ikianguka ukumbini DVD itaziba pengo, ndo alichosema Damon pia, kwamba zamani baada ya miezi sita muvi inazinduliwa mara ya pili. Hiyo hela imekauka. Blockbuster wakafilisika 2010, Netflix walioanza kwa kutuma DVD kwa posta mwaka 1998 wakahamia mtandaoni 2007 na Septemba 2023 wakafunga kabisa biashara ya kutuma diski. Mwaka 2020 Universal na kampuni ya kumbi za AMC wakakubaliana muvi iweze kukodishwa mtandaoni baada ya siku 17 tu, wakati wewe mzee unakumbuka tulivyokuwa tunasubiri nusu mwaka.

Kwa hiyo thrila hazijafa, zimegawanyika. Kuna za bei ndogo sana, kama Get Out ya 2017, milioni 4 na nusu zikaleta kama 255, au Split mwaka huohuo, milioni 9 zikaleta kama 278. Hizo hata zikianguka haziui mtu. Na kuna zinazoenda moja kwa moja strimingi, yaani za kuangalia mtandaoni. Bird Box ya Desemba 2018 Netflix walisema iliangaliwa na akaunti zaidi ya milioni 45 kwa siku saba, lakini huko hakuna tiketi wala dola unayoweza kuilinganisha na kitu. Zilizoumia ni zile za katikati, za milioni 30 mpaka 60 na kidogo, waigizaji wazima, hadithi ya mtu mzima. Zodiac ya 2007 iligharimu milioni 65, Marekani ikapata 33 na duniani kama 85, na wanaoipenda leo ni wengi kuliko walioikatia tiketi. Ukipeleka hadithi ile studioni sasa hivi sioni nani ataisainia. Inanisikitisha sana mzee wangu, kwa sababu hizo ndo zilizonifundisha kupenda sinema.

Swali: Hivi sisi tulioangalia kwenye kibanda umiza tulihesabiwa? Maana Bourne mi nimemuona kibandani, na ametafsiriwa. — Fundi simu, Mbagala

Jibu: Hukuhesabiwa ndugu yangu, hata shilingi yako moja haikufika Universal, studio yenye Bourne. Kibanda kilikuwa na nakala ya mtaani, kiingilio kinabaki kwa mwenye TV, na mtafsiri akina Lufufu hapa Dar au DJ Afro kule Kenya walikuwa wanapata chao kwenye soko lao. Boksi ofisi inahesabu kumbi zinazotoa ripoti ya tiketi, na mauzo ya DVD yanahesabu nakala halali, kwa hiyo mabenchi yote ya Mbagala, Kariakoo na Tandale hayamo. Ukitaka kujua thrila ipi ilipendwa kweli Afrika Mashariki namba za Hollywood hazitakusaidia, kaulize wenye vibanda ni ipi walirudia kuionyesha. Na ningependa sana mtu akakae na wazee wa vibanda awaandike kabla hawajasahau.

Swali fupi: Taken iliingiza ngapi? Tumebishana kijiweni. — Bodaboda, Dodoma

Jibu: Zaidi ya milioni 220 duniani, kwa bajeti ya kama 25. Ilianzia Ufaransa Februari 2008, Marekani ikafika mwisho wa Januari 2009, karibu mwaka mzima baadaye, tena wikendi ya Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani, ambayo studio nyingi zinaikwepa, na bado ikashika namba moja na kumaliza na milioni 145 hukohuko. Aliyesema ilianguka Marekani awalipie soda.