Ada ya kituo cha watoto au akiba ya chuo kikuu?

SWALI: Mimi na mume wangu ni waajiriwa, na baada ya makato tunabakiwa na shilingi 1,400,000 kwa mwezi. Mtoto wetu wa kwanza ana miaka mitatu na anakwenda kituo cha kulelea watoto kwa 150,000 kwa mwezi. Mdogo wake ana miezi minane na hubaki nyumbani na dada tunayemlipa 120,000. Tunaweka 200,000 kila mwezi kwa ajili ya chuo kikuu cha watoto, lakini siku hizi nalazimika kukopa kwenye kikoba ili tuumalize mwezi. Mume wangu anataka tumtoe mkubwa kituoni, wote wabaki na dada, ili akiba isiguswe. Je, ana haki? – Mama wa Wawili, Tabata, Dar es Salaam

JIBU: Mama wa Wawili, hofu ya baba watoto ina msingi, ila anataka kukata mahali pasipofaa. Fedha mnazoweka mwanzoni mwa mwezi ndizo unazokwenda kuzikopa mwishoni, tena kwa riba. Kikoba kikitoza asilimia 5 tu kwa mwezi, hakuna akaunti ya benki wala mfuko wa uwekezaji utakaowalipa kiasi hicho. Kwa hiyo punguzeni akiba hadi 50,000 kwa sasa, na hizo 150,000 zilizobaki zimalize kwanza deni la kikoba, kisha zizibe pengo la mwisho wa mwezi.

Kituo msikiguse. Dada huyo anapika, anafua na kumlisha uji mtoto wa miezi minane. Ukimwongezea wa miaka mitatu, ipo siku atamwacha mchanga peke yake kitandani ili akamtoe mkubwa kwenye jiko la mkaa. Isitoshe, malezi hayo ndiyo yanayowawezesha ninyi wawili kwenda kazini, na siku dada akishindwa na kuondoka, atakayeomba ruhusa kazini huenda akawa wewe. Gharama za chuo, kwa upande mwingine, bado ziko mbali, na zina msaada ambao malezi hayana: Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu imekuwa ikikopesha tangu mwaka 2005. Mkopo huo haupati kila anayeomba, mara nyingi haufikii gharama zote, na mhitimu huurejesha kwa makato ya asilimia 15 ya mshahara, kwa hiyo akiba bado inahitajika.

Uamuzi mzito, kwa maoni yangu, unawasubiri mkubwa atakapoingia darasa la kwanza. Wazazi wengi huhamishia ada ya kituo kwenye shule binafsi ya msingi inayofundisha kwa Kiingereza, wakaongeza na basi la shule, na akiba ya chuo ikafia hapo. Shule za serikali hazitozi ada tangu mwaka 2016, na tangu 2022 nafuu hiyo inafika hadi kidato cha sita, ingawa sare na michango havikosekani. Ikiwa karibu nanyi ipo shule ya serikali mnayoiamini, zile 150,000 za kituo zielekezeni kwenye akiba tangu mwezi wa kwanza bila ada ya kituo. Akianza shule na miaka sita na kuingia chuo na miaka kumi na tisa, mtakuwa mmeweka shilingi milioni 23.4 kabla ya faida yoyote, kiasi ambacho ni zaidi ya ada ya miaka mitatu ya shahada nyingi katika vyuo vyetu vya umma, na mdogo wake atapata fungu lake.

Kuhusu mahali pa kuweka, akaunti ya kawaida haifai kwa muda mrefu namna hiyo. UTT AMIS, kampuni ya serikali inayosimamia mifuko ya uwekezaji wa pamoja, ina Mfuko wa Watoto, ambao vipande vyake, yaani sehemu ndogo za umiliki wa mfuko, hununuliwa kidogo kidogo. Thamani ya kipande inaweza kushuka pia, lakini mnayo miaka ya kusubiri. Anzeni na hizo 50,000, zikatwe kwa agizo la benki siku mshahara unapoingia, na deni la kikoba likiisha mkae tena mpange kiasi kipya.