Usimpe huyo mgeni "ndiyo" ya mdomo, mimi hilo somo nimeshalilipia

Mleta mada simama hapo hapo. Nimesoma ulichoandika mara mbili na moyo unanienda mbio. Unapangisha chumba ndani ya nyumba yenu kupitia Airbnb, ile programu ya kubuku malazi, na mgeni wa wiki mbili, hata hajafika, anataka aingie saa 12 asubuhi wakati tangazo lako linasema saa 8 mchana, anataka apikie kwenye jiko lenu la familia, na zile siku za mwisho anakwambia "tutaongea tukionana, nitakulipa mkononi". Huyo mimi nimeshaishi naye. Sio yeye mwenyewe ila tabia ni ile ile, kama wamezaliwa tumbo moja. Halafu unamalizia "nafikiri nimkubalie tu yote ili anipe nyota 5". Usithubutu! Hayo mengine uliyouliza ya kifungua kinywa na zamu za bafu yasubiri, kwanza tuzime huu moto.

Wa kwangu alibuku usiku 4, chumba kimoja, mtu mmoja. Siku moja kabla akanipigia, hakuandika meseji, alipiga simu, na anaongea kwa upole mpaka unajisikia vibaya kumkatalia, anaomba aingie mapema. Nikasema sawa. Kufika, mto mgumu, nikampa wa kwangu. Usiku intaneti haimfikii vizuri chumbani, nikang'oa ruta sebuleni nikaiweka mlangoni kwake, sisi wenye nyumba tukawa tunatafuta mtandao dirishani. Kesho yake akaja mtu wa pili, "ni ndugu yangu yupo safarini anapumzika kidogo", akapumzika mpaka mwisho. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, sasa huyu siku ya tatu alikuwa anatafuta wa kumfulia nguo.

Na ona, mpaka hapo bado sikuwa nimepoteza kitu kikubwa. Ni kuchoka tu. Kosa lenyewe nililifanya siku ya 4.

Alinikuta jikoni asubuhi akaniambia anataka kuongeza usiku 10, ila chumba chake kiko upande wa barabara na halali vizuri, je kile cha nyuma kina mtu? Cha nyuma ni cha binti yangu. Akaendelea, "na tusipitie kwenye programu, wanatukata bure wote wawili, mimi nakupa mkononi, nusu leo nusu nikiondoka". Nikapiga hesabu ya makato kichwani, nikaona huyu mtu kaniokoa. Nikasema ndiyo. Hapo hapo, tumesimama, maji yanachemka, hakuna hata mstari mmoja ulioandikwa mahali popote.

Binti nikamhamishia sebuleni, godoro chini. Usiku wa kwanza nilimkuta amelala kifudifudi anafanya homuwaki, daftari liko juu ya godoro, kila akikandamiza penseli inatoboa karatasi kwa sababu chini ni laini, na mgeni anapita kwenda kuchukua maji anamruka miguu. Yule mtoto hakunilalamikia. Aliomba tu nimsogezee taa. Mpaka leo nikikumbuka ile taa nasikia vibaya kuliko hela yote iliyopotea.

Siku ya kuondoka waliondoka alfajiri tumelala. Funguo kaziacha juu ya mashine ya kufulia ambayo mlango wake umeng'oka. Kitanda kimetandikwa vizuri kabisa, shuka limenyooshwa, nikalivuta nikakuta alama ya pasi imeunguza godoro la mtoto, umbo la pasi lile lile, mpaka sponji inaonekana. Nusu ya pili ya hela hakuna. Nikampigia, akaniambia bila hata kusita, "si tulikubaliana utanisamehe kwa sababu ya kelele?" Hatukukubaliana! Lakini nionyeshe nini? Nikamwambia nitafungua madai kwa Airbnb, akasema fungua, na mimi naandika riviu, yaani maoni na nyota za kukupima.

Nikafungua. Jibu lilikuwa fupi: buking yako iliisha siku 10 zilizopita na hukuripoti tatizo lolote. Kwa rekodi zao yule mtu hakuwepo nyumbani kwangu. Zile usiku 10 mgeni wangu alikuwa kama jini, analala, anakula, anaunguza godoro, ila haonekani popote. Na yeye akaweka nyota 1 na maneno haya: mwenyeji anadai pesa nje ya utaratibu. Hicho ndicho kilichoniuma zaidi, kwamba ukisoma karatasi kama zilivyo, ni kweli nilipokea pesa nje ya utaratibu, na mtu yeyote angemwamini yeye.

Sasa nani alinifundisha kusema ndiyo kwa kila kitu? Kuna bwana mmoja anauza mafunzo ya wenyeji kwenye magrupu ya WhatsApp, nililipa kwa hela yangu mwenyewe, kauli yake kubwa ni "neno hapana halimo kwenye kamusi ya mwenyeji". Kila ombi ni nyota, anasema. Anapenda kutupigia hadithi ya Airbnb, mwaka 2007 San Francisco, vijana wametandika magodoro ya upepo kwenye fleti yao, wakapokea wageni 3, ukarimu ukawatoa. Sawa, hadithi ni ya kweli. Lakini wale wageni 3 waliambiwa mapema kuwa watalala kwenye magodoro ya upepo, wakaja wakayakuta magodoro ya upepo. Hakuna aliyehamisha mtoto kitandani! Baada ya mambo kuniharibikia nikamwandikia yule bwana, akanijibu kwamba sikuwa na roho ya ukarimu. Mimi! Niliyempa mgeni mto wangu! Baadaye ndio nikaja kujua yeye anakodisha fleti tupu, anakabidhi funguo anaenda zake nyumbani kulala. Hajawahi hata siku moja kukutana na mgeni kwenye korido saa 7 usiku akiwa na kanga au bukta. Mtu anayelala nyumba nyingine asikufundishe namna ya kuishi na mgeni ndani ya nyumba yako.

Najua unachoogopa ni nyota, na sikulaumu, hesabu yake inatisha. Airbnb ili uwe Superhost, yaani mwenyeji mwenye beji ya ubora, unatakiwa wastani wa 4.8, na nyota 1 ikikuingia unahitaji wageni 19 wa nyota 5 ndio wastani urudi hapo. Piga mwenyewe: 19 mara 5 ni 95, ongeza 1, gawa kwa 20. Kwa hiyo mtu anaona bora ajitoe mhanga. Ila nilichokuja kugundua ni kwamba mgeni hapimi wema wako, anapima alichopata na alichoahidiwa. Tangazo likisema chumba na bafu la pamoja, akapata chumba safi na bafu safi, moyo wake umetulia. Ukishaongeza jiko, na kufua, na kuingia alfajiri, hivyo vyote vinaingia kwenye orodha ya ahadi kichwani mwake, na siku moja ukishindwa kimoja anakukata nyota kwa kitu ambacho hukumuuzia. Wageni wangu waliolalamika kuhusu jiko ni wale tu niliowaruhusu jiko.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja na siivunji hata aje nani: kisichoandikwa kwenye buking hakifanyiki nyumbani kwangu. Akiniomba kitu mlangoni najibu kwa tabasamu, "niandikie kwenye meseji za programu nikuangalizie". Nusu ya maombi yanafia hapo hapo, kwa sababu mtu anayejua anachoomba ni kikubwa mno hapendi kukiandika. Kinachobaki nakisoma nimekaa, sio nimesimama naye jikoni, najibu kwa maandishi ndiyo au hapana, na kama kina gharama au kinaongeza siku au mtu, namtumia ombi la kubadilisha buking, akilikubali tunaendelea. Simu akipiga napokea kwa adabu, tukimaliza namwandikia pale pale "kama tulivyoongea, umeomba hivi, nimejibu hivi".

Na haya maandishi sio ya urembo. Airbnb inakupa siku 14 tangu mgeni anapotoka kwenye buking kudai uharibifu, na riviu nazo ni siku 14 kwa pande zote, hamuoni alichoandika mwenzako mpaka wote muwe mmeandika au muda uishe. Mgeni kukutishia riviu mbaya ili arudishiwe hela ni marufuku kwao na riviu kama hiyo inaweza kuondolewa, ila tishio liwe limeandikwa kwao. Langu lilikuwa la simu, likaishia hewani.

Wewe bado una bahati, hajafika. Mwandikie leo, kwenye programu, usimpigie: "Karibu sana. Muda wa kuingia ni saa 8 mchana kama tangazo linavyosema, mizigo unaweza kuileta mapema ikae. Jiko ni la familia, haliko kwenye buking. Siku za nyongeza tafadhali ziombe humu humu, sipokei malipo mkononi." Mistari minne tu. Akikasirika akakansel, basi amekansel akiwa kwake, sio akiwa kitandani kwa mwanao.

Na muulize wanakuja watu wangapi, maana kwenye maelezo yako yote hujataja idadi, na yeye pia naona hajaitaja.