Kiatu kilikuwa kimeshonwa, mimi nimenuna

Mwaka wa tatu wa ndoa yetu nilimwandikia mume wangu ujumbe mrefu kwenye simu. Ulinichukua karibu saa nzima, nafuta, naandika upya, namweleza ninavyojivunia kuwa wake. Jibu likaja: "Sawa. Umefunga mlango wa nyuma?"

Nililia. Kisha nikanuna siku nne, na kwa kuwa hakujua kosa lake, nikazidi kununa.

Siku ya tano, nikiwa kazini, nilitupa macho chini nikaona mkanda wa kiatu changu cha kushoto umeshonwa. Uzi mweusi, mnene, mishono imekwenda upande kama mwandiko wa mtoto. Mkanda ule nilikuwa nimeulalamikia mara moja tu, natoka mbio asubuhi, wala sikumwomba mtu chochote. Na viatu hivyo ndivyo nilivyovaa siku zote za kununa. Natembea juu ya jibu la ujumbe wangu, huku nalalamika sijajibiwa!

Wengi huishia hapo: kumbe ananipenda kwa vitendo, yamekwisha. Mimi pia nilidhani yamekwisha. Nikaamua kumlipa kwa vitendo. Nikampigia pasi mashati, nikampangia kabati la vifaa vyake vya ufundi, bisibisi huku, misumari kule. Aliporudi alisimama mbele ya kabati kama mtu aliyeibiwa. "Nani amegusa vitu vyangu?"

Nilichokuwa sijakielewa ni kwamba anachotoa mtu si lazima kiwe ndicho anachokihitaji. Mume wangu anatoa kazi ya mikono yake, lakini ukimfanyia kazi anaona umemwingilia.

Tangu mwaka 1992, Gary Chapman, mchungaji na mshauri wa ndoa wa Marekani, ameeneza wazo la lugha tano za mapenzi: maneno, muda, zawadi, huduma na mguso. Lilinipa msamiati, silikatai. Ila mwaka 2024 watafiti watatu, Emily Impett, Haeyoung Gideon Park na Amy Muise, walipitia ushahidi uliopo wakaona hauungi mkono dai kwamba kila mtu ana lugha yake moja kuu. Watu wakiulizwa juu ya kila lugha peke yake, huwa wanazipa zote alama za juu. Wao wanaufananisha upendo na mlo kamili. Nilipumua niliposoma hayo, maana mume wangu alikuwa amegoma kuingia kwenye fungu lolote nililompangia.

Alichokihitaji nilikipata kwa bahati. Usiku mmoja simu yangu iliisha chaji, na yeye alikuwa sakafuni anatengeneza redio ya zamani. Nikavuta kigoda nikakaa, sina la kufanya. Dakika ishirini hivi hakuna aliyesema neno. Mara akaanza kunisimulia, bila kuniangalia, jinsi baba yake alivyokuwa akikagua kila kazi aliyoifanya na kutafuta kasoro. Mtu ambaye jioni nzima anaweza kutumia maneno kumi, siku ile alizungumza mpaka redio ikasahaulika. Nilipoinuka kwenda kulala, akasema, "Kaa kidogo."

Mwanasaikolojia John Gottman alichunguza wenzi waliooana karibuni, akawarudia miaka sita baadaye. Waliodumu walikuwa wakiitikia mialiko midogo ya wenzao, ya aina ile ya "kaa kidogo", kwa wastani wa asilimia 86. Walioachana, asilimia 33. Nikakumbuka ni mara ngapi mume wangu aliniita, "Njoo uone hii," nami nikamjibu "nakuja" macho yakiwa kwenye simu.

Kwa hiyo ukitaka kujua mwenzako anahitaji nini, usianze na maswali ya mtandaoni. Sikiliza manung'uniko yake. Lalamiko likirudi mara ya tatu, lichukue kama ombi. Wangu alikuwa amenung'unikia simu yangu mwaka mzima, mimi nikadhani ni wivu.

Na lako liseme waziwazi. Najua kuna wanaosema upendo wa kuomba si upendo. Nami niliamini hivyo, nikaumia bure. Mkanda ukikatika unaonekana, ndiyo maana kiatu kilishonwa bila mimi kuomba. Hamu yangu ya kusikia neno zuri angeionea wapi? Nilimwambia: "Nikikuandikia, nitajie sehemu moja tu iliyokugusa." Akatazama dari. "Moja tu?" Moja tu. Nikaona mabega yanashuka, kama mtu aliyetarajia kuambiwa aandike shairi.

Haya yote ni kwa watu wawili wanaotakiana mema. Anayekudharau, kukutisha au kukupiga hana "lugha tofauti", na usijitese kumtafsiri. Tafuta msaada kwa mtu unayemwamini.

Sisi bado tunakosana. Zipo jioni narudi nimechoka na sitaki kukaa karibu na redio ya mtu, na zipo wiki nzima sisikii neno tamu. Lakini juzi nilimtumia ujumbe mrefu, nikasubiri. Dakika kumi na tano zikapita, simu ikalia.

"Hapo uliposema juu ya kiatu. Mlango wa nyuma nimeshafunga mwenyewe."