Kukariri, Kughani na Kusoma kwa Ghibu

Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipoombwa kutoa shairi kwenye arusi ya binamu yangu, huko Kibokoni, Mombasa. Wiki nzima nilikuwa nimelikariri. Beti mbili zikapita salama, na ya tatu nikaianza:

*Bahari ina mawimbi, nahodha tazama tanga,*

Kisha kimya. Karatasi naiona akilini, hata lile doa la chai pembeni naliona, lakini maneno yametoweka. Mjomba wangu, aliyekuwa ameketi mkekani, akaninong'oneza silabi moja tu: "Mbi." Mshororo ukarudi wenyewe:

*Msafiri hajigambi, upepo hauna kinga.*

Usiku ule, watu walipokwisha kutawanyika, akanishika mkono. "Mwanangu, wewe umekariri. Hukughani."

Tangu siku hiyo nimekuwa mwangalifu na maneno haya, maana neno unalolishika ndilo linalokuelekeza namna ya kujifunza. Kukariri asili yake ni kurudiarudia. Ndiyo maana washairi wana takriri, na magazeti huandika kwamba waziri amekariri msimamo wake, yaani ameusema tena. Shuleni neno limepata sifa mbaya, "huyu amekariri tu, hakuelewa", na mimi naona limeonewa. Bila kurudia hakuna kinachokaa. Ila kurudia ni kazi ya nyumbani. Mbele ya watu unaghani: unatoa beti kwa mahadhi, sauti ikipanda na kushuka kwa mizani. Ukisoma shairi bila mahadhi, hata uwe hukukosa neno, usiseme umeghani.

Kuhifadhi ni kutunza kifuani, ndiyo maana aliyehifadhi juzuu zote 30 za Kurani huitwa hafidh.

Lakini neno ninalolipenda kuliko yote ni ghibu. Limetoka kwenye neno la Kiarabu la kitu kisichoonekana. Anayesoma kwa ghibu, kitabu hakipo mbele ya macho yake, nacho anakisoma. Siku hizi wengi husema "kwa moyo", na si kosa, ila ghibu inasema jambo lenyewe waziwazi.

Sisi watu wa Mombasa tuna deni kwa neno hili. Muyaka bin Haji alifariki mwaka 1840, na mengi katika mashairi yake yaliishi vinywani mwa watu kwa miongo kadhaa, hadi Mwalimu Sikujua alipoyakusanya na mmisionari Mwingereza, Taylor, akayaandika. Lau wazee wale wasingekuwa nayo kwa ghibu, leo tungekuwa na jina la Muyaka tu.

Basi ukitaka kujifunza shairi, weka karatasi mbali mapema. Kosa langu lilikuwa kulihifadhi kwa macho. Mwombe mtu akusomee, wewe ufuate kwa sikio na mdomo. Chukua kipande kimoja cha mizani minane, kitie mahadhi, ndipo uongeze cha pili. Vina vijue peke yake kabla ya maneno: mbi kati, nga mwisho. Kina ni kamba, ukipotea, ishike. Nami husema beti zangu nikitembea, kwa sababu nikikaa kitako hujidanganya, nadhani nimezijua kumbe bado.

Na ukikwama mbele ya watu, usirudi mwanzo wa shairi. Rudia mshororo wa mwisho uliotoka, taratibu, kwa mahadhi yaleyale, kana kwamba ndicho kiitikio. Wasikilizaji wataupokea, na wakati wanaupokea unaofuata huja. Mjomba ametangulia mbele ya haki, na hadi leo nikisimama kughani, kabla ya beti ya tatu naisikia ile sauti ya mkekani: mbi.