Maswali na majibu: Nyutroni za angani na jua linapochafuka

Mwenzangu aliwasha kipima mionzi cha Geiger tukiwa futi 37,000, kikalia mfululizo. Je, kinasema kweli? (Mhudumu wa ndege, Nairobi)

Nusu ya kweli, dada. Geiger husikia chembe zenye chaji. Nyutroni, chembe ya ndani ya kiini cha atomu, haina chaji, hivyo hupita bila kubisha hodi, na katika njia za kaskazini ndiyo inayoleta karibu nusu ya dozi ya mionzi.

Kuinasa kunataka mtego. Unachukua bomba lenye gesi ya boroni. Boroni ikimeza nyutroni hurusha kiini cha heliamu chenye chaji, na hicho ndicho kinachohesabiwa na kifaa. Tatizo, boroni hupenda nyutroni za mwendo wa taratibu, kwa hiyo bomba huvishwa plastiki nene ya kuzipunguza kasi. Vituo vya ardhini huongeza risasi (madini, si ya bunduki), kwa kuwa nyutroni moja kali ikigonga kiini cha risasi hutawanya nyingine kadhaa. Ubunifu huo ni wa John Simpson wa Chuo Kikuu cha Chicago, 1948.

Ndani ya ndege mimi napenda kichupa cha ukubwa wa kalamu kilichojaa jeli, humo mna matone ya kimiminika yaliyo ukingoni mwa kuchemka. Nyutroni ikigusa, tone linafumuka kuwa kiputo. Mkitua, unakiinua kwenye mwanga na kuhesabu viputo kimoja kimoja.

Jua likilipuka, mionzi angani huongezeka, sivyo? (Mwanafunzi, Dodoma)

Mara nyingi hupungua! Miale mingi ya mionzi hiyo hutoka nje kabisa ya mfumo wa jua, na wingu la sumaku linalorushwa na jua huizuia njiani. Mwanafizikia Scott Forbush aliliona hilo tangu 1937. Lakini mara chache jua lenyewe hurusha protoni (chembe zenye chaji) kali hadi vipimo vya ardhini vikapanda. Tarehe 23 Februari 1956, kipimo cha Leeds, Uingereza, kilipanda zaidi ya mara 40. Mei 2024 tukapata yote mawili ndani ya siku mbili: kushuka kwanza, kisha kupanda tarehe 11.

Nasafiri Dar es Salaam kwenda London. Niahirishe wakisema kuna dhoruba ya jua? (Baba Neema)

Hapana, mzee wangu. Huku ikweta sumaku ya dunia hukataa chembe nyingi; protoni isiyo na nishati ya takriban GeV 14 (GeV ni kipimo cha nishati ya chembe) haipenyi, na za jua ni nadra kufikia nishati hiyo. Ulinzi hupungua kadiri unavyokwenda kaskazini, lakini ni saa chache tu. Wanaoangaliwa kwa karibu ni wafanyakazi wa ndege: Ulaya, anayeweza kuzidi milisiveti 1 (kipimo cha dozi ya mionzi) kwa mwaka lazima dozi yake ikadiriwe. Mashirika yanayopita karibu na Ncha ya Kaskazini ndiyo hubadilisha njia.

Na sisi tunaopandisha wageni Kilimanjaro? (Mwongozaji, Moshi)

Juu mionzi ipo zaidi kuliko Moshi mjini, ila baridi itakusumbua kwanza. Mwanafizikia Victor Hess alipaa kwa puto Aprili 1912 jua likiwa limepatwa. Mionzi haikupungua, akajua chanzo chake kikuu si jua. Agosti akafika mita 5,300, akakuta imezidi mno. Kilele cha Uhuru kinampita kwa karibu mita 600, nawe unafika kwa miguu, na mizigo ya watu juu.