Kwa mnaoanza kupima CaMKII yenye fosfeti: kazi iliyo kabla ya kingamwili

Wenzangu mnaoanza kupima CaMKII iliyofosforishwa, yaani kimeng'enya cha niuroni kilichobandikwa fosfeti, katika ubongo wa panya, mtakabidhiwa kichupa kidogo cha kingamwili, protini inayoishika alama hiyo ya fosfeti, ghali kuliko karibu kila kitu kilichomo kwenye friza, na mtaambiwa mkitunze. Kitunzeni. Lakini jambo nililochelewa kulielewa, na ambalo ningependa mlielewe tangu wiki ya kwanza, ni kwamba kingamwili hiyo haiwezi kuwaambia ubongo ulikuwa ukifanya nini. Hunasa tu fosfeti iliyosalia hadi pale ilipoikuta, na sehemu kubwa ya jibu huwa imekwisha kuamuliwa kabla kichupa hakijafunguliwa.

CaMKII ni miongoni mwa vimeng'enya vilivyo tele sana katika ubongo, na molekuli yake moja kwa kawaida huundwa na vipande 12. Kalsiamu inapoingia ndani ya niuroni hushikwa na kalmodulini, kalmodulini hukiamsha kimeng'enya, kisha kipande kimoja hukibandikia kipande jirani fosfeti kwenye threonini ya 286, yaani asidi amino ya 286 katika mnyororo wake. Fosfeti hiyo ikishakaa, kimeng'enya huendelea kufanya kazi kwa kiasi hata baada ya kalsiamu kupungua, na ndiyo sababu watafiti hukihusisha sana na kumbukumbu. Mwaka 1998 zilichapishwa habari za panya ambao threonini hiyo ilibadilishwa kuwa alanini, asidi amino isiyoweza kubandikwa fosfeti: kimeng'enya chao kilikuwepo, lakini walishindwa kujifunza mahali palipofichwa jukwaa ndani ya birika la maji. Kwa mtumiaji wa kingamwili hii panya hao wana thamani ya pili, kwa kuwa tishu yao ina protini ile ile bila alama inayotafutwa, hivyo bendi yoyote (mstari mweusi kwenye picha ya kipimo) itakayojitokeza hapo penye uzito wa protini hiyo haikutokana na fosfeti hiyo.

Kalsiamu hiyo hiyo ndiyo inayotuponza mezani. Damu ikishakatika, oksijeni na nishati huisha, kalsiamu hufurika ndani ya niuroni, na vimeng'enya vinavyobandika fosfeti pamoja na vile vinavyoibandua huendelea na kazi katika tishu ambayo mnyama wake amekwisha kufa. Katika mwaka wangu wa kwanza nilipata tofauti ya kupendeza kati ya panya waliopewa dawa na wasiopewa, kundi moja likiwa na bendi nzito kama wino na jingine hafifu. Msimamizi wangu aliitazama picha kidogo tu, akaomba daftari, akauliza ni kundi gani lililopasuliwa kwanza. Nilikuwa nimewamaliza wote wasiopewa dawa asubuhi, mkono ukiwa bado mzito, nikiitafuta hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, kwa dakika kadhaa. Nilipofikia kundi la pili nilikuwa nimeshazoea, na kila kipande kilitumbukia kwenye nitrojeni kimiminika upesi zaidi. Tuliporudia kazi kwa kuchanganya zamu za makundi na kupima muda wa kila mnyama kwa saa, tofauti ile ilitoweka. Iliniuma sana, kwa maana nilikuwa nimekwisha kuisimulia kwa wenzangu. Tangu siku hiyo daftari langu lina safu ya sekunde, kuanzia kifo cha mnyama hadi tishu kuganda, na nawasihi muichore yenu kabla ya mnyama wa kwanza.

Katika bafa, yaani kimiminika cha kusagia tishu, kosa la kawaida ni kutia othovanadati ya sodiamu peke yake na kudhani fosfeti imelindwa. Othovanadati huzuia hasa fosfatesi zinazobandua fosfeti kwenye tairosini, ilhali alama yetu iko kwenye threonini. Wekeni floridi ya sodiamu na beta-gliserofosfeti, pamoja na EDTA au EGTA ya kuikamata kalsiamu, na fanyeni kila hatua juu ya barafu.

Protini zikishahamishiwa kwenye utando, nafasi zilizobaki wazi huzibwa ili kingamwili isinate ovyo. Maziwa ya unga yanafaa kuzibia utando kwa kingamwili nyingi, ila yana kaseini kwa wingi, nayo ni protini yenye fosfeti, hivyo yanaweza kuuchafua usuli wa picha nzima. Tumieni albumini ya damu ya ng'ombe, asilimia 3 hadi 5, katika bafa ya Trisi. Azaidi ya sodiamu nayo isikaribie kingamwili ya pili, inayoishika ile ya kwanza, iliyounganishwa na peroksidesi, kimeng'enya kinachoifanya bendi ionekane, kwa sababu huidhoofisha peroksidesi hiyo.

Mkiona bendi mbili, moja karibu na kilodaltoni 50 na nyingine karibu na 60, msishtuke wala msikate picha ili ibaki moja. Ya kwanza ni alfa na ya pili ni beta, aina mbili za CaMKII. Asidi amino zinazoizunguka alama hiyo zinafanana katika zote mbili, ingawa katika beta threonini huhesabiwa kuwa ya 287. Kinachopasa kuwatia shaka ni bendi isiyotoweka. Kateni utando vipande viwili vyenye sampuli zile zile, kimoja mkitie fosfatesi ya lambda pamoja na manganizi, kingine kiachwe kwenye bafa tupu. Alama ya fosfeti lazima ififie kwenye cha kwanza, wakati kingamwili ya CaMKII yote, yenye fosfeti na isiyo nayo, ikiendelea kuonyesha protini palepale. Bila kipimo hicho cha protini yote, ongezeko la bendi linaweza kuwa ni ongezeko la kimeng'enya chenyewe, au pipeti iliyozidisha.

Jambo la mwisho ni namba ya toleo, yaani fungu la utengenezaji, iliyopigwa kwenye kichupa. Kingamwili zitokanazo na damu ya sungura hutofautiana toleo kwa toleo, kwa hiyo gawanyeni mapema sampuli moja nzuri katika vichupa vidogo vingi, viwekwe kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri, na kila toleo jipya likifika lipimwe kwa kimoja chake sambamba na la zamani, kabla la zamani halijaisha.