Maswali na majibu: Kuicheka vita na kuiuza vita

Maswali ya safari hii karibu yote yamegusa muvi za vita zinazovuka mipaka, yaani zile za kumcheka Hitler na zile za bei chee za kambi za Wanazi zilizojaa damu na uchi. Nimechagua haya.

SWALI: Muvi ya kumkejeli Hitler na muvi ya kambi ya Wanazi yenye wanawake uchi, zote si zimekosa staha? Kwa nini moja iitwe sanaa na nyingine uchafu?

JIBU: Staha zote zimekosa, hapo sibishi. Ila mi huwa naangalia kitu kingine, naangalia ile picha inamuumiza nani. Chukua To Be or Not to Be ya mwaka 1942, mwongozaji ni Ernst Lubitsch, Myahudi mzaliwa wa Berlin. Ni kichekesho kuhusu kundi la waigizaji wa jukwaani Warsaw wanaowazunguka Wajerumani waliovamia nchi yao. Kuna sehemu afisa wa Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, anamponda muigizaji mmoja, anasema alichomfanyia Shakespeare ndo sisi tunachoifanyia Poland saa hizi. Watu waliwaka, na kuwaelewa inawezekana kabisa manake Warsaw yenyewe ilikuwa mikononi mwa Wajerumani na watu wanakufa kila siku, alafu staa wa kike wa hiyo muvi, Carole Lombard, alikuwa amekufa kwenye ajali ya ndege Januari 1942 kabla hata muvi haijaingia kumbi. Lubitsch akaambiwa aukate ule mstari, akagoma.

Alichojibu kwenye New York Times ndo kitu ambacho ningependa kila mtu anayebishana kuhusu hizi muvi akijue. Alisema kwenye muvi yake hutaona chumba cha mateso, hutaona mjeledi, hutaona Mnazi anayetoa macho kwa tamaa huku anachapa mtu, kwa sababu Wanazi wake walishapita hatua hiyo, kutesa watu kwao ni kazi ya kila siku na wanaiongelea kama muuza duka anavyoongelea mkoba aliouza. Na ukiitazama ni kweli kabisa. Yupo Kanali Ehrhardt, anaambiwa kule London wanamwita Ehrhardt wa Kambi ya Mateso, basi jamaa anafurahi, anacheka, anarudia lile jina mwenyewe kama mtu aliyepewa medali. Hajachapwa mtu hata mmoja mbele yako na bado unajua uko na binadamu wa aina gani. Hiyo ni tashtiti, kicheko kinamwendea mwenye bunduki. Kwenye muvi za kuuza vita kamera inamgeukia aliyefungwa, inamvua, inamkodolea, alafu inakukatia tiketi.

SWALI: Nilidhani hizi muvi za Wanazi na mijeledi zilianza miaka ya 70. Wakati wa vita yenyewe zilikuwepo?

JIBU: Zilikuwepo, na zilikuwa na baraka zote kwa vile zilihesabika kama uzalendo. Hitler's Children ilitoka 1943, mwaka mmoja tu baada ya Lubitsch kuandika yale, mwongozaji Edward Dmytryk, kampuni RKO. Bajeti yake ilikuwa kama dola 200,000 tu ikaingiza zaidi ya milioni 3. Sehemu iliyokuwa inaongelewa kila mahali ni binti aliyefungwa, nguo imechanwa mgongoni, anachapwa mijeledi mbele ya watu. Sasa sikatai, muvi ilikuwa na hoja, inawaonyesha Wamarekani jinsi vijana wa Kijerumani walivyokuwa wanalishwa sumu na suala la kuwafunga watu uzazi kwa nguvu, mambo yaliyokuwa yanatokea kweli. Ila aliyetoa hela yake mlangoni alivutwa na ule mgongo, na prodyuza alilijua hilo vizuri sana.

Na ukirudi nyuma zaidi, Vita ya Kwanza, unamkuta Erich von Stroheim kwenye The Heart of Humanity ya 1918 akicheza afisa wa Kijerumani anayetaka kumbaka nesi, mtoto mchanga analia chumbani, kelele zinamkera, anambeba anamtupa nje dirishani, kisha anarudi kumalizia alichoanza. Von Stroheim alitangazwa kama mtu unayependa kumchukia. Ukiiona hiyo unajua miaka ya 70 haikubuni chochote, iliongeza tu uchi na rangi.

Hasara yake sasa. Mwaka 1917 magazeti ya Uingereza yalieneza kwamba Wajerumani wana kiwanda cha kuyeyusha maiti za askari wao wapate mafuta. Uongo mtupu, na mwaka 1925 serikali ya Uingereza yenyewe ikakubali bungeni kwamba hakukuwa na msingi. Miaka ya 40 habari za kweli za Wayahudi kuuawa kwa maelfu zilipoanza kutoka Poland, kuna watu wazima, wahariri na maofisa, walizitilia shaka kwa sababu walikumbuka walivyodanganywa mara ya kwanza. Ndo maana huwa siwezi kukubali mtu akiniambia ukatili wa kubuni kwenye muvi hauna madhara mradi unamchafua adui.

SWALI: Ni kweli Ilsa ilipigwa kwenye seti ya kipindi cha vichekesho?

JIBU: Kweli. Ilsa, She Wolf of the SS ya 1975 (SS ni kikosi cha Wanazi kilichoendesha kambi) ilipigwa kwenye seti iliyobaki ya Hogan's Heroes, kichekesho cha televisheni cha Marekani kuhusu wafungwa wa vita kilichoisha 1971. Mabanda ni yaleyale.

Na hapa kuna jambo watu wengi hawalijui. Waigizaji kadhaa wa Hogan's Heroes waliocheza Wajerumani walikuwa Wayahudi waliokimbia Hitler. Werner Klemperer aliyekuwa Kanali Klink aliweka sharti kabisa kwamba Klink asishinde hata siku moja, akishinda tu yeye anaondoka. Robert Clary aliyecheza mfungwa Mfaransa alifungwa kikweli Buchenwald, kambi ya Wanazi, na wazazi wake waliuawa. Kwa hiyo kuna waliokilaumu kipindi wakisema kinapuuza mateso, lakini waliokuwa ndani yake walikuwa wanajua wanachokifanya na walikuwa na haki ya kuamua wacheke vipi.

Kisha inaingia Ilsa palepale. Inaanza na maandishi ya kwamba yaliyomo yana ushahidi wa kihistoria na kwamba muvi imetengenezwa kwa matumaini uhalifu huu usirudiwe, chini kuna saini ya prodyuza Herman Traeger. Hilo jina ni la bandia, mwenyewe ni David Friedman, mtu aliyekuwa anatengeneza muvi za uchi miaka mingi. Hayo maandishi ndo kitu kinachonichoma kuliko damu yote inayofuata. Mtu kama anataka kuuza uchi na mateso basi auze kwa jina lake, asiwageuze waliokufa kambini kuwa kibali. Mwanamke anayetajwa kuwa ndo chanzo cha yule Ilsa, mkuu wa kambi kwenye muvi, ni Ilse Koch, mke wa komandanti wa Buchenwald, kesi yake iko wazi, alihukumiwa maisha, mwaka 1948 kifungo kikapunguzwa, Ujerumani wakamhukumu tena maisha 1951, akajiua gerezani 1967. Kwenye ile stori kuna maswali mazito ya haki na ushahidi, muvi haigusi hata moja.

SWALI: Kwa nini wanaotesa kwenye hizi muvi mara nyingi ni wanawake? Kambini walinzi wengi si walikuwa wanaume?

JIBU: Walikuwa wanaume, kwa mbali sana. Hiyo ni ndoto ya watazamaji, siyo historia, na ilianza kwenye vitabu kabla ya muvi. Israel mwanzoni mwa miaka ya 60, wakati ule ule wa kesi ya 1961 ya Eichmann, afisa wa Wanazi aliyepanga kusafirishwa kwa Wayahudi kwenda kuuawa, kuliuzwa vijitabu vya bei poa viitwavyo Stalag, rubani wa Kimarekani au Kiingereza ametekwa, walinzi ni wanawake wa SS wanamtesa na kumwingilia, mwishoni analipiza kisasi. Vilijifanya tafsiri kutoka Kiingereza kumbe vinaandikwa palepale kwa Kiebrania. Vijana waliovisoma wengi walikuwa na wazazi waliotoka kambini na nyumbani hawaambiwi chochote. Siwezi kuwahukumu hao vijana. Kimya cha wazazi kiliacha nafasi na wafanyabiashara wakaijaza.

SWALI: Chaplin alijuta kutengeneza The Great Dictator?

JIBU: Kwenye kitabu cha maisha yake cha 1964 aliandika kwamba angejua ukubwa halisi wa kilichokuwa kinafanyika kwenye kambi asingeweza kuitengeneza. Watu wanayachukua maneno haya kama kuikana muvi, mi sioni hivo. Alianza kupiga picha Septemba 1939, vita imeanza siku chache tu, Marekani yenyewe bado iko pembeni, na alikuwa anamcheka Hitler, mtu ambaye wakubwa wengi walikuwa bado wanamwogopa au wanamtaka urafiki. Anachosema ni kwamba kicheko kile kilikuwa cha wakati ule.

SWALI: Kuna watu wanasema hata muvi yenye nia njema inaweza kuwa chafu kwa sababu ya kamera tu. Hii si kuzidisha?

JIBU: Hapana, hawazidishi. Mfano wenyewe ni Kapò ya 1960, ya Gillo Pontecorvo. Emmanuelle Riva anacheza mfungwa anayejirusha kwenye waya wa umeme wa kambi. Amekufa, amening'inia pale, na kamera inaanza kumsogelea taratibu ikimtazama kwa chini, inajipanga ili mkono wake ukae vizuri kwenye kona ya picha. Sekunde chache tu. Jacques Rivette, mhakiki wa filamu wa Kifaransa, akaandika 1961 kwamba mtu aliyeamua kusogeza kamera pale anastahili dharau ya ndani kabisa.

Ni maneno makali, na Pontecorvo alikuwa Myahudi aliyepigana dhidi ya mafashisti Italia, siyo mfanyabiashara wa uchi. Lakini nimeitazama ile sehemu kwa makini na naona Rivette aliona sawa. Ukifika kwenye maiti ya mtu aliyekata tamaa namna ile na wazo lako ni mkono ukae wapi ili picha ipendeze, umeshaanza kumtumia. Ilsa inafanya hivo muvi nzima bila haya, Kapò ilifanya mara moja kwa bahati mbaya, na ndo maana ya Kapò inafaa kuongelewa zaidi, manake wengi wetu tunaopiga picha za misiba na ajali kwa simu tunafanana na Pontecorvo, hatufanani na prodyuza wa Ilsa.

SWALI: Serikali zipige marufuku?

JIBU: Uingereza walijaribu. Kaseti za video zilipoingia miaka ya 80 kukatokea taharuki, ikatungwa sheria ya video ya 1984 na kukawa na orodha ya muvi 72 zilizotajwa kuwa chafu. Mojawapo SS Experiment Camp, ya Italia, 1976. Iliyowasha moto zaidi ni jalada, mwanamke karibu uchi ananing'inizwa kichwa chini, lilitangazwa kwenye magazeti. Mwaka 2005 bodi ya filamu ya Uingereza ikairuhusu bila kukata kitu, waliona inaudhi lakini haidhuru mtu. Miaka yote ya marufuku iliipa sifa isiyostahili, watu waliitafuta kwa kuwa imekatazwa. Mi naona iwekewe umri, iandikwe ukweli, watu waiseme vibaya kwa sauti.

SWALI: Mbona mifano yako yote ni ya Wazungu? Sisi hatukuuzwa?

JIBU: Tuliuzwa, na bila waigizaji. Africa Addio ya Jacopetti na Prosperi, Waitaliano, 1966. Mle kuna picha zilizopigwa kutoka angani juu ya Zanzibar Januari 1964, watu wanakimbia kuelekea baharini, maiti zimelala. Kuna mamluki wa Kongo, kuna watu wanauawa mbele ya kamera. Jacopetti alichunguzwa kwao Italia kwa tuhuma kwamba mauaji fulani yalipangwa yasubiri kamera iwe tayari, akasafishwa. Hata ukimwacha na hilo, muvi yenyewe ilivyounganishwa inasema Mzungu akiondoka Mwafrika anarudi porini, muziki mtamu juu, damu chini. Marekani iliuzwa tena kwa jina la Africa Blood and Guts, jina la bucha. Tatizo ni kwamba zile picha za Zanzibar ni miongoni mwa chache sana zilizopo za siku zile, kwa hiyo mtafiti na mjukuu wa waliokufa wote wanalazimika kupita kwenye mikono ya hao jamaa. Wakitazama wazime sauti ya msimulizi, ile sauti ndo uongo wenyewe.

SWALI: Mwanangu ana miaka 15, anataka kuona Jojo Rabbit. Nimwache?

JIBU: Mwache, na ukae naye. Taika Waititi, ambaye mama yake ana asili ya Kiyahudi, anamcheza Hitler wa kufikirika kichwani mwa mtoto, na kuna kifo kikubwa mle ambacho unaonyeshwa viatu tu, uso hauonyeshwi, muulize mwanao kwa nini anadhani walifanya hivo. Kisha mpe ya Chaplin ya 1940, ila mweleze kabla kwamba ilitoka mwaka mzima na zaidi kabla ya kambi ya kwanza ya kuua watu kwa gesi kuanza kazi, Desemba 1941, kule Chełmno, Poland.